Fuata Tairi la Mwenye Mzigo

Mtu anayebeba mitungi mitano ya maji kwa baiskeli hana mzaha na njia. Mtungi mmoja ni lita 20, kwa hiyo ana kilo 100 kwenye kerieri, na hapo hatujamhesabu mwenyewe. Huyu hapiti penye mchanga wa kuzama. Hapiti penye visiki. Barabara ya malori akiweza kuikwepa ataikwepa, maana lori likimpita karibu, upepo wake pekee unatosha kumlaza mtaroni na maji yake yote. Akipita leo, kesho na keshokutwa, ardhi hushindiliwa, pakabaki ukanda mwembamba mgumu, upana wa kiganja, unaopinda baina ya mikorosho na minazi. Ukanda huo ndio barabara yangu. Karibu kila ninachokijua kuhusu kuendesha baiskeli huku Malindi bila kupigiwa honi nimekipata kwa kuufuata.

Mimi ni karani wa hoteli. Wageni wakishaondoka, Aprili hadi Juni hivi, masika yakiwa yameingia, hoteli za ufuoni hupunguza watu au hufunga kabisa, na sisi hurudi nyumbani kungoja simu. Ndipo nilipoanza. Baiskeli niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kuilipia mzigo wa ndege: usukani wa mashindano uliopinda chini, breki za diski, tairi nene za milimita 45. Ni baiskeli ya graveli, iliyoundwa kwa barabara za changarawe. Mchezo wenyewe umekulia Marekani, katika barabara za mashambani za Kansas, ambako mbio za maili 200 zilianza mwaka 2006. Mwaka 2022 Shirikisho la Baiskeli Duniani likaandaa ubingwa wa kwanza wa dunia, huko Italia. Sisi nasi tuna mbio zetu Maasai Mara tangu 2021, na tulikuwa na Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Habari zake nilizisoma usiku mmoja hadi simu ikaisha chaji.

Lakini Kansas ina changarawe. Mara ina nyanda. Sisi tuna mchanga, na hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Barabara kuu sitaisema sana, kila anayeishi hapa anaijua. Kuna matatu za Mombasa, tuktuk, mabasi ya Lamu, malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni, na ukingo wa lami uliomeguka ukaacha kidaraja cha kushuka unapolazimishwa kutoka nje. Mamangu alisema neno moja tu siku aliponiona nikiichukua: "Mwanangu, barabara hiyo haina mwenyewe." Baada ya hapo nikaanza kutafuta zenye wenyewe.

Ukitoka mjini kwenda bara, ardhi hubadilika upesi. Karibu na bahari ni mchanga na mawe ya matumbawe, yale makali yanayochana tairi ubavuni. Ukiingia ndani kidogo ni mchanga mweupe laini. Ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa Magarini, ni udongo mwekundu. Bondeni mwa mto ni mfinyanzi. Kila mmoja una siku zake za kupitika na siku zake za kukutesa, na siku hizo hazifanani. Mchanga mweupe, mwezi wa pili jua likiwa kali, haupitiki. Chembe zimekauka, kila moja inajiviringisha peke yake na gurudumu linazama katikati yake. Unyeshe mvua usiku, asubuhi uende pale pale: maji yamezishika chembe pamoja na njia imekaza. Udongo mwekundu ni kinyume chake. Ukiwa mkavu unakwenda vizuri, ukinyeshewa unateleza siku ile, na siku ya pili au ya tatu ndio unakuwa bora kuliko kitu chochote nilichowahi kukipanda. Mfinyanzi wa bondeni ukiwa umelowa uache kabisa. Unajaa kwenye uma wa mbele mpaka gurudumu linagoma, na utabaki umekaa chini ya mwembe unakwangua kwa kijiti.

Mtu akitaka kujifunza kuusoma udongo huu humwambia aende msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa sababu pale miti ndiyo inayokutangulizia habari. Penye mirihi chini ni mchanga mweupe. Ukianza kuona mibambakofi, mchanga umegeuka wa kijivu na unashika kidogo. Ukiingia kwenye vichaka vizito vya kugandamana, umeshafika kwenye udongo mwekundu. Msitu wenyewe ni kama kilomita za mraba 420, ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na kuna njia za ndani unazoruhusiwa kupita na baiskeli ukishalipa kiingilio upande wa Gede. Ila kuna ndovu. Nenda na kiongozi wa msitu, nenda asubuhi, na akisema turudi, rudi. Sina mengi zaidi ya kusema juu ya ndovu. Hakuna gia ya kumshinda. Siku hizi nikiwa nje ya msitu kabisa, shambani kwa watu, bado huangalia miti kwanza kabla ya kuangalia njia, kwa sababu mti unauona kabla ya kuufikia mchanga wake.

Kuna jambo lilinisumbua kwa muda. Barabara pana za changarawe, zile zinazochongwa na greda na kuonekana nzuri kwa macho, ndizo zinazoumiza mikono kuliko vijia. Zimejaa matuta madogo madogo yaliyokingama, mamia, na baiskeli inatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilidhani ni uzito wa magari. Sivyo, ni kasi. Gurudumu linalokwenda mbio juu ya ardhi kavu hurukaruka, na kila linapotua husukuma kokoto mbele na kulundika kijituta, linalofuata nalo likaruka pale pale na kuliongeza. Baiskeli ya maji haina kasi hiyo. Inakwenda polepole siku zote, kwa hiyo kijia chake hakifanyi matuta hata kikitumika miaka. Tangu nilipoelewa hivyo nimeacha kuzionea wivu barabara pana.

Halafu upepo wa tairi. Hapa sibishani na mtu tena, nafanya ninavyojua. Mafundi wetu wamezoea zile baiskeli nzito za chuma, zenye tairi nyembamba na mzigo wa makaa au makuti nyuma, na hizo bila upepo mwingi tyubu inabanwa na ringi. Kwa hiyo fundi ukimpa baiskeli yoyote ataijaza mpaka ilie. Tairi langu likiwa gumu namna hiyo, kwenye mchanga linachimba. Mimi mwili wangu ni wa kilo 60 na ushee. Huweka paundi 25 mbele na 28 nyuma, na nikifika mchanga mweupe napunguza tena kidogo, tairi likalala na kutanda. Linaonekana limepasuka. Watu njiani hunisimamisha kunionea huruma: "Dada, umeishiwa upepo nyuma." Nashukuru, naendelea.

Fundi wangu yuko mtaa wa Kisumu Ndogo, chini ya mwarobaini, na mwalimu wake mkubwa ni mbigiri. Mbigiri ni mmea mnyonge wa kutambaa, maua madogo ya manjano, huwezi kuudhania kitu. Mbegu yake imetoka miiba kila upande, ikianguka vyovyote vile lazima mwiba mmoja uangalie juu. Nilimpelekea tairi la nyuma lililokuwa linapoteza upepo taratibu. Akalitoa kwenye ringi kwa mipini ya vijiko viwili, akavuta tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha kwenye karai la maji akiipitisha kidogo kidogo mkononi. Vipovu vikapanda mahali pamoja, vidogo mno. Akapatia alama kwa kalamu, akakausha kwa tishati yake, akakwangua kwa kipande cha kopo alichokitoboa toboa kwa msumari. Akapaka solusheni. Akangoja. Wakati anangoja akakata kiraka kutoka kwenye tyubu ya pikipiki iliyokufa, akakikwangua nacho, akakibandika na kukigonga kwa nyundo juu ya kigogo.

Mimi nikadhani tumemaliza, nikatoa pesa. Akanitazama tu. Akachukua kipande cha pamba, akakizungusha ndani ya tairi polepole, mzunguko mzima. Pamba ikanasa. Akaibana ile sehemu, akatoa kwa koleo ncha ya mwiba fupi kuliko punje ya mchele.

"Kiraka kila mtu anajua kukipiga," akasema. "Kazi ni kumtafuta aliyetoboa. Ukimwacha ndani utarudi kwangu kesho, dada, na mimi nitakula hela yako nikicheka."

Sasa pamba iko kwenye mkoba wangu pamoja na pampu na viraka. Na mbigiri nimejua unapokaa: pembeni mwa njia, penye majani mafupi, mahali hasa ambapo mtu mstaarabu huiweka baiskeli yake pembeni ili wengine wapite. Katikati ya ukanda uliokanyagwa hauoti. Kwa hiyo nikisimama, naibeba baiskeli, siivuti.

Barabara pana kuliko zote tuliyonayo ni ufuo, ila hiyo hufunguliwa na kufungwa. Kaskazini ya mji, kuelekea mlangoni mwa Sabaki, maji yakipwa mchanga unabaki mgumu na mpana, gari hakuna, unakwenda huku chembe za mchanga zinang'aa chini. Sabaki huleta udongo mwingi kutoka bara, na msimu wa kaskazi mkondo huuleta mpaka ghuba ya Malindi, bahari ikawa ya rangi ya chai. Watalii hulalamika. Lakini udongo huo huo ndio ulioupanua ufuo wa mjini, na mimi kwa ubinafsi wangu naushukuru.

Hapa lazima uijue bamvua na maji mafu, wala si jambo la wavuvi peke yao. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwa pwani yetu, na siku hizo za bamvua maji hupwa kabisa kuelekea saa nne asubuhi. Baada ya hapo kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, asubuhi nzima huna ufuo wa kupita, na hata yakipwa jioni ukanda unaoachwa ni mwembamba na umeinama. Mimi huondoka maji yakiwa bado yanarudi nyuma, kama saa mbili hivi, nikafika mlangoni mwa mto na kugeuka kabla hayajaanza kujaa. Nasema kugeuka, kwa sababu mlango wa Sabaki hauvukwi kwa miguu. Una viboko na una mamba. Wakati mwingine kuna heroe wamesimama kwenye maji mafupi, na wavuvi wakivuta nyavu. Ukiwasalimu na kuwauliza maji yako wapi, watakuambia bila kutazama saa, nami sijapata kuona wakikosea. Ukirudi nyumbani osha cheni kwa maji baridi, ifute, itie mafuta kabla hata hujaoga. Chumvi haingoji.

Upepo wa baharini nao unapanga safari. Wakati wa kusi, nikitaka kwenda Gongoni naweza, upepo unanisukuma mgongoni, lakini kurudi ndiko kwenye kesi. Kwa hiyo msimu wa kusi naanza kwa kwenda kusini, Msabaha na mashamba ya Ganda, nikiwa bado na nguvu, halafu upepo unirudishe. Msimu wa kaskazi ni kinyume. Asubuhi sana, kabla jua halijapanda, umande, ule upepo wa nchi kavu, huvuma kutoka bara na ni mwepesi. Huo ndio wakati wa kila mtu mwenye akili kuwa njiani. Ikifika saa nne za asubuhi, mbali na bahari, joto linakuwa halina adabu. Mimi hutafuta dafu, na likipatikana la pili nalinywa. Mihogo ya kukaanga na chapati maharage utapata kila penye kituo, na korosho za kuchoma zikiwa msimu wake. Chakula si tatizo huku. Kivuli ndicho tatizo.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Marafa. Ukivuka daraja la Sabaki unashika kushoto kuelekea Marikebuni, Magarini, hadi Marafa, kama kilomita 30 na kitu kutoka mjini. Barabara yenyewe ina magari na boda boda, si nyingi, ila vumbi lake jekundu unalimeza. Lakini pembeni, mara hii ikiwa karibu, mara hii ikipotelea mashambani, kuna njia ya baiskeli za maji na ya wanafunzi. Inapanda na kushuka kuliko barabara kwa sababu haikuchongwa. Inapita nyuma ya nyumba, mbele ya vyoo, katikati ya mahindi, chini ya miembe ambayo mwezi wa kumi na mbili inabidi uiname. Ukifika Marafa unafika ghafla: ardhi imekatika mbele yako, imeanguka chini kwenye korongo la mchanga uliogandamana, tabaka jeupe, la waridi, la chungwa, jekundu. Wenyeji wanapaita Nyari. Wazee wanasimulia habari za tajiri aliyekuwa akioga maziwa hadi Mungu akamdidimiza yeye na mji wake. Wanajiolojia wanasema ni mvua na upepo, na kila masika ukingo unazidi kumeguka. Vyovyote, usipige baiskeli karibu na ukingo kwa ajili ya picha. Nimeona wanaofanya.

Upande huo huo wa Magarini, kule Bungale, ndiko alikozikwa Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza. Nilifika hapo kwa kijia, kwa kuulizia. Mwaka 1913 Waingereza walimkamata na kumpeleka Kisii, magharibi kabisa ya nchi, naye akatoroka na kurudi Ugiriama kwa miguu. Mwaka 1914 wakaulipua kwa baruti mji mtakatifu wa Kaya Fungo, na Wagiriama waliokaa ng'ambo hii ya Sabaki wakaamriwa wahame wavuke kusini. Walihamishwa kwa nguvu, baadaye wakarudi. Sisemi kwamba kila kijia ninachopita ni cha enzi zile. Kijia hufa kikiachwa mvua mbili. Lakini ukikaa juu ya baiskeli ukiwa umechoka, ukifikiria mwanamke mtu mzima anatoka Kisii hadi hapa bila barabara, unanyamaza kuhusu matuta.

Gongoni na Ngomeni ni habari fupi. Ni tambarare, mabwawa ya chumvi kila upande, mwanga unapiga macho kutoka chini na juu. Njia za juu ya kingo ni ngumu na hazina gari wakati mwingi, lakini ni za kampuni, kwa hiyo unaongea na askari wa getini kwanza, na akikataa amekataa. Ukifika Ngomeni utaona majukwaa ya San Marco yamesimama baharini. Waitaliano walirusha satelaiti pale kuanzia 1967 hadi 1988, na tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya uhuru, kikarushwa chombo kilichopewa jina la Uhuru, cha kwanza duniani kupelekwa angani kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei tu. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu alinionyesha kwa kidevu, akarudi kwenye wavu wake.

Sasa habari ya kuwa mwanamke juu ya hicho chuma. Mimi huvaa suruali pana, shati refu na mtandio chini ya helmeti, na hakuna aliyenisumbua kwa hilo ila shangazi zangu. Watoto ndio hunichekesha. Malindi imejaa Waitaliano tangu zamani, basi mtoto wa shambani akiona helmeti inakuja kwa mbali, hangoji. "Ciao! Ciao!" Wanakimbia wote mpaka ukingoni mwa njia, mikono juu. Nikiwakaribia nawaamkia kwa Kigiriama, kibovu kweli, na nyuso zinaanguka. "Kumbe ni mtu!" mmoja alisema, na sijui mpaka leo yule Mtaliano alikuwa nani kwake.

Watu wazima ni jambo jingine. Kijia kinapita shambani kwa mtu, na programu ya ramani kwenye simu haijui hilo. Inachora mstari mahali ambapo kuna ua wa miba uliowekwa mwaka jana. Kwa hiyo penye nyumba nashuka. Salamu kwanza, zote, hadi habari za mifugo. Mzee mmoja njia ya Kakuyuni alinihoji akiwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba.

"Unakwenda wapi na hicho chuma, mwanangu?"

"Kakuyuni, baba."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Natembea tu."

"Mtu hatembei si kwa mtu." Akanifikiria kidogo. "Haya. Shika hapa mpaka ule mbuyu. Ukifika, fuata tairi la baiskeli. Usifuate la pikipiki. Wa pikipiki wanakwenda mangweni, kunywa mnazi."

Ilikuwa kweli tupu. Kwenye mbuyu njia iligawanyika, ya pikipiki pana na iliyochimbika ikaenda kulia, na ile ya upana wa kiganja ikaenda zake kushoto hadi Kakuyuni.

Tofauti hiyo ya alama mbili ndiyo ninayoifanyia kazi zaidi miaka hii. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na kuanzia hapo boda boda zikaingia mpaka mashambani. Silalamiki, mgonjwa anafika hospitali usiku. Ila pikipiki ina nguvu ya kupita mchangani bila kuchagua, na tairi lake la nyuma linafukua. Kijia kilichokuwa kimekazwa na baiskeli kinafumuliwa kwa msimu mmoja. Mwenye mitungi naye hahangaiki, anahamia mita kumi pembeni na kuanza kingine. Ndiyo maana njia niliyoipita mwaka juzi siiamini mpaka niione alama mpya. Nyembamba, iliyonyooka, yenye kung'aa kidogo asubuhi kwa sababu udongo umebanwa: hiyo ni ya mzigo. Pana, yenye kingo zilizomomonyoka na mchanga umerushwa nyuma penye kona: pikipiki.

Watu huniuliza kwa nini nisiende Lamu, kisiwani, ambako magari karibu hayapo kabisa. Nimekwenda. Ndani ya mji vichochoro ni vya punda na vya watu, baiskeli inakuwa kero, na nje ya mji, njia ya Matondoni, ni mchanga wa kusukuma. Punda anajua kwa nini ana kwato. Lamu mimi hutembea kwa miguu.

Ninayoitafuta sasa ni njia ya Baricho. Visima vya Baricho kando ya mto ndivyo vinavyopeleka maji Malindi na hadi Mombasa, na bado vijiji vya huko bara nakutana na baiskeli zimepakia mitungi, kwa hiyo vijia lazima viwepo, na vizuri. Naweza kwenda kwa barabara ya Salagate kupitia Kakoneni na Langobaya, lakini penye lami gari zinakwenda mbio na sina haja nayo. Nataka kushika upande wa mto. Muuza makaa mmoja ninayekutana naye Kakoneni anaijua yote mpaka Langobaya. Ameniambia kuna korongo moja ambalo magogo ya kuvukia yalichukuliwa na maji, baiskeli inabebwa begani, na bondeni tope bado halijashika. Tungoje Agosti, amesema. Tutatoka saa kumi na moja alfajiri, yeye atakuwa hana mzigo wa kwenda, atapakia wa kurudi, na nije na tyubu mbili kwa sababu zangu Langobaya hazipatikani.